Heliamu-3, BF3, boroni ya kupakwa au chemba ya mpasuko: kipi kinafaa kupimia nyutroni?

Mtu akitaka kununua kigunduzi cha nyutroni, kitu cha kwanza anachokitafuta kwenye katalogi ni asilimia ya ufanisi, yaani kifaa kinahesabu nyutroni ngapi kati ya mia zinazokifikia. Si ajabu, maana ni namba moja na ni rahisi kuilinganisha. Lakini ndiyo inayopoteza watu wengi. Swali la kutangulia ni hili: nyutroni zako zimeandamana na nini? Zikiwa zimezungukwa na mionzi mikali ya gama, zikiwa chache mno, au zikiwa na kasi kubwa, jibu hubadilika kabisa, na kigunduzi kilichoshika mkia kwenye safu ya ufanisi kinaweza kuwa ndicho pekee kitakachofanya kazi.

Hapa nalinganisha aina nne zinazotumia gesi: mrija wa heliamu-3, wa BF3 (gesi ya boroni trifloraidi), wa boroni iliyopakwa ukutani, na chemba ya mpasuko, yenye urani ndani yake. Nawaandikia hasa walio kwenye maabara za vyuo, wakaguzi wa usalama wa mionzi, na watafiti wa udongo na maji. Hao ndio hulazimika kuchagua wakiwa na bajeti ya kifaa kimoja au viwili, na wakikosea hawana cha kubadilishia.

Mrija unaionaje nyutroni

Nyutroni haina chaji. Ikipita kwenye gesi haizing'oi elektroni kwenye atomi kama ifanyavyo alfa au protoni, kwa hiyo hupita bila kuacha alama. James Chadwick alipoitambua huko Cambridge mwaka 1932, alichokiona kwenye chemba yake ya gesi ni protoni zilizorushwa na nyutroni kutoka kwenye nta ya parafini. Mpaka leo kanuni ni ileile: weka kiini kitakachoinasa nyutroni au kitakachogongwa nayo, kisha upime chaji inayoachwa na vipande vyake.

Kwa nyutroni za joto, yaani zile zilizopunguzwa kasi mpaka nishati yake ikashuka hadi takriban eV 0.025 (eV ni elektronivolti, kipimo cha nishati; keV ni elfu moja, MeV ni milioni moja), viini vinavyotumika zaidi ni vitatu. Heliamu-3 ikinasa nyutroni hugawanyika kuwa protoni na tritoni (kiini cha tritiamu, yaani hidrojeni nzito yenye mionzi), zikigawana keV 764. Boroni-10 hutoa alfa na kiini cha lithi-7, na mara 94 katika kila 100 nishati wanayobeba ni MeV 2.31, mara sita zilizobaki ni MeV 2.79. Urani-235 hupasuka, na vipande vyake viwili hubeba karibu MeV 165 au zaidi. Karibu kila tofauti nitakayoitaja huko mbele inatokana na namba hizo tatu, kwa sababu mpigo wa nyutroni ukiwa mkubwa, ni rahisi kuutenga na mipigo midogo ya gama.

| Aina | Eneo la kunasa (bani) | Nishati kwenye gesi | Ufanisi kwa nyutroni za joto | Gama inayovumilika, kwa makadirio |
|---|---|---|---|---|
| Heliamu-3, atmosfia 4 | 5,330 | MeV 0.764 | karibu 75% | mSv 10–100 kwa saa |
| BF3, chini au karibu ya atmosfia 1 | 3,840 | MeV 2.31 | 15–45% | mSv 100 kwa saa |
| Boroni ya kupakwa ukutani | 3,840 | kutoka 0 hadi MeV 1.47 | 5–10% | Sv 10 kwa saa |
| Chemba ya mpasuko (urani-235) | 585 | hadi MeV 100 hivi (kipande kimoja) | karibu 0.5% | Sv 10,000 kwa saa na zaidi |

Bani ni kipimo cha eneo ambalo kiini kimoja humwonyesha mpita njia wake: sentimita mraba 10⁻²⁴. Sv (sivati) ni kipimo cha dozi ya mionzi, na mSv ni sehemu yake ya elfu. Safu mbili za mwisho zichukue kama ngazi za ukubwa kwa mirija ya kipenyo cha sentimita 2.5 hadi 5, si ahadi ya mtengenezaji yeyote. Ukizisoma kwa pamoja utaona zinakwenda kinyume: ufanisi unaposhuka, uvumilivu wa gama unapanda. Sehemu kubwa ya uamuzi wako iko kati ya safu hizo mbili.

Heliamu-3

Kwa ubora wa mrija mmoja mmoja, heliamu-3 haina mpinzani. Si sumu, haishiki moto, haiunguzi chuma, na inakubali kujazwa kwa presha kubwa. Chukua mrija wa kipenyo cha sentimita 2.5 uliojazwa atmosfia 4. Nyutroni ya joto inayopita katikati ina nafasi ya takriban 73% ya kunaswa. Ipandishe presha hadi atmosfia 10, nafasi inafika 96%. Volti zinazohitajika mara nyingi ni kati ya 1,000 na 1,800, kiasi ambacho kifaa kidogo cha betri hukimudu.

Spektra yake, yaani mchoro wa mipigo kwa ukubwa wake, ni nzuri kujifunzia. Kuna kilele kimoja kwenye keV 764, na upande wa kushoto kuna mabega mawili, moja kwenye 573 na jingine kwenye 191. Mabega hayo hutokea pale protoni au tritoni inapogonga ukuta kabla haijamaliza nishati yake, kwa hiyo gesi hupata ya mwenzake peke yake. Chini ya 191 kuna bonde tupu, na bonde hilo ndilo mahali pa kuweka kizingiti, yaani ukubwa ambao mpigo ulio chini yake hauhesabiwi: gama hubaki chini, nyutroni zote hubaki juu, na kizingiti kikisogea kidogo kwa sababu ya joto la mchana hesabu haibadiliki. Watengenezaji huongeza gesi ya argoni au CF4 (kaboni tetrafloraidi) kidogo ili protoni isimame mapema na mabega yapungue. Argoni ina gharama yake, kwani humeza gama zaidi, kwa hiyo mrija wenye kaboni dioksidi badala ya argoni huvumilia gama vizuri zaidi.

Tatizo la heliamu-3 ni upatikanaji. Katika heliamu ya kawaida, atomi ya heliamu-3 ni kama moja katika milioni, kwa hiyo gesi tunayonunua haitoki ardhini. Inatokana na tritiamu, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 12.3, na tritiamu hiyo kwa sehemu kubwa ilitengenezwa kwa ajili ya silaha za nyuklia za Marekani na Urusi. Marekani ilifunga mitambo yake ya Savannah River iliyokuwa ikizalisha tritiamu mwaka 1988. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, nchi hiyo ikaanza kuweka milango ya ukaguzi wa mionzi bandarini na mipakani, kila mlango ukiwa na mirija mirefu ya heliamu-3. Kufikia 2008 na 2009 ghala lilikuwa karibu kukauka. Bei iliyokuwa dola 100 hadi 200 kwa lita ikapanda hadi kupita 2,000, na serikali ikaacha kutoa gesi hiyo kwa milango mipya.

Baada ya hapo bei ilitulia kiasi, lakini somo limebaki. Kama mradi wako unahitaji mrija mmoja au miwili midogo, heliamu-3 bado ndiyo chaguo langu la kwanza. Kama unahitaji mita za mraba za vigunduzi, iache.

BF3

Boroni trifloraidi ndiyo iliyobeba kazi hii kwa miaka mingi kabla heliamu-3 haijaenea, na isingefaa kuitupa kwa kuiona ya kizamani. Vituo vya kupima miale ya anga vilivyoenea duniani tangu 1964 vinatumia mirija ya BF3 yenye urefu wa karibu mita mbili na kipenyo cha sentimita 15, na data zake zinaheshimika hadi leo.

Uzuri wake ni mpigo mkubwa. MeV 2.31 ni mara tatu ya nishati ya heliamu-3, kwa hiyo gama iko mbali sana na kizingiti. Ukitazama spektra utaona kilele kirefu, na mabega kwenye MeV 1.47 na 0.84. Kwa mtu anayefundisha, hakuna mrija unaoonyesha tofauti ya nyutroni na gama waziwazi kama huu.

Ubaya wake ni presha. BF3 haifanyi kazi vizuri kama gesi ya kuhesabia inaposukumwa kupita atmosfia moja hivi, na volti zake hupanda haraka hadi 2,000 au 3,000. Rudi kwenye mrija wetu wa sentimita 2.5: ukijazwa BF3 yenye boroni-10 iliyorutubishwa kwa atmosfia 0.7, nyutroni inayopita katikati ina nafasi ya 15% tu. Hapa angalia jambo moja ambalo muuzaji anaweza asilitaje. Boroni ya asili ina boroni-10 karibu 20%. Nyingine yote ni boroni-11, ambayo haina kazi kwetu. Mrija wa gesi isiyorutubishwa utakupa sehemu ndogo tu ya hesabu za mwenzake, ingawa kwa nje wanafanana kila kitu.

Halafu kuna sumu. BF3 ikikutana na unyevunyevu wa hewa hutengeneza tindikali kali zenye floridi, zinazoumiza mapafu na kula chuma. Mrija mzima hauna hatari kwa mtumiaji, lakini kusafirisha kunakuwa safari nyingine kabisa: ni bidhaa hatarishi, na kuipitisha kwa ndege kuna masharti mazito. Kwa maabara ya Mwanza, Kisumu au Bujumbura inayoagiza kutoka Ulaya, gharama na ucheleweshaji wa usafiri vinaweza kumeza unafuu wote wa bei. Pia gesi yenyewe huchoka. Baada ya hesabu bilioni kumi hadi bilioni mia moja, molekuli zilizovunjika huanza kuharibu mipigo, na kilele hupanuka na kushuka. Kwa kituo kinachopata hesabu chache kwa sekunde hilo halitatokea maishani mwako. Karibu na chanzo kikali, litatokea.

Boroni ya kupakwa

Hapa boroni haimo kwenye gesi; imepakwa kama utando mwembamba kwenye ukuta wa ndani, na gesi iliyomo ni ya kawaida, mara nyingi argoni na kaboni dioksidi. Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndiko maendeleo makubwa ya miaka ya karibuni yaliko, na ndiyo aina pekee kati ya nne ambayo maabara ya chuo yenye nia inaweza kuiunda yenyewe.

Tatizo la msingi ni la kijiometri. Alfa na lithi huruka kinyume, kwa hiyo mmoja huingia kwenye gesi na mwingine lazima azame ukutani. Ukipaka utando mnene ili unase nyutroni nyingi, vipande vinavyozaliwa kwenye kina havitoki. Katika boroni kabaidi, alfa ya MeV 1.47 husafiri mikromita tatu hivi tu, na lithi takriban nusu ya hapo. Utando wa mikromita moja uliorutubishwa hunasa karibu 4% ya nyutroni za joto zinazoupita wima, na hata ukiongeza unene, utando mmoja hautakupa zaidi ya asilimia tano au pungufu.

Njia ya kutoka ni kuwa na tando nyingi. Kituo cha utafiti wa nyutroni cha ILL cha Grenoble, Ufaransa, kwa kushirikiana na kituo kipya cha aina hiyohiyo, ESS cha Lund, Uswidi, kilitengeneza kigunduzi kinachoitwa Multi-Grid: vibati vya alumini vilivyopakwa boroni kabaidi pande zote mbili, vikapangwa safu kwa safu mpaka nyutroni inayopenya moja ikutane na inayofuata. Kwa tando thelathini hivi ufanisi hukaribia nusu, na eneo lote linaweza kufika mita za mraba nyingi ambazo kwa heliamu-3 zisingelipika. Njia nyingine ni kuulaza utando uelekee nyutroni kwa pembe ndogo, nyuzi tano hivi, ili nyutroni isafiri umbali mrefu ndani ya boroni huku vipande vikibaki karibu na gesi. Hiyo ndiyo mbinu ya Multi-Blade, mwenzake wa Multi-Grid. Wengine wanafunga pamoja mirija myembamba kama mirija ya kunywea soda, kila mmoja umepakwa ndani.

Gharama ya mbinu zote hizi huonekana kwenye spektra. Hakuna kilele wala bonde. Vipande hutoka na nishati yoyote kuanzia sifuri hadi MeV 1.47, kulingana na kina walikozaliwa, kwa hiyo mchoro ni mteremko mrefu. Popote utakapoweka kizingiti utakata nyutroni kadhaa, na kizingiti kikihama, hesabu huhama nacho. Ndiyo maana ule uvumilivu wa gama wa Sv 10 kwa saa kwenye jedwali haupatikani bure: unapandisha kizingiti juu ya gama na kuachilia sehemu ya ufanisi. Anayenunua boroni ya kupakwa bila amplifaya tulivu na chanzo cha volti kisichoyumba ananunua nusu ya kifaa.

Kwa anayetaka kuunda: gesi ya argoni na kaboni dioksidi kwa uwiano wa karibu 80 kwa 20 ndiyo ile inayouzwa kwa mafundi wa kuchomelea, na inapatikana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kwa kigunduzi cha majaribio kinachopitishiwa gesi polepole muda wote, inaweza kutosha kuanzia, mradi uwe mwangalifu na oksijeni na unyevu. Oksijeni humeza elektroni zikiwa njiani kuelekea kwenye waya, na mpigo hupungua bila sababu inayoonekana. Pitisha gesi kwa saa kadhaa kabla ya kuamini namba yoyote, tumia bomba la shaba au chuma badala ya mpira, na fuatilia urefu wa mipigo: ikiendelea kukua, bado unafukuza hewa. Sehemu ngumu ni utando. Tando nzuri za boroni kabaidi hutengenezwa kwa mashine za ombwe, na kazi kubwa ya tando za ESS imefanyika Linköping, Uswidi. Kununua vibati vilivyokwisha kupakwa na kutengeneza vingine vyote mwenyewe ni njia ya busara kwa tasnifu ya uzamili.

Chemba ya mpasuko

Ufanisi wa 0.5% unaonekana kama aibu mpaka uingie kwenye mtambo wa nyuklia. Pale nyutroni si haba hata kidogo. Zilizo tatizo ni gama, ambazo zingeuzamisha mrija wa heliamu-3 mara moja. Vipande vya mpasuko vinaacha mpigo mkubwa mara mia kuliko chochote kinachotokana na gama, kwa hiyo hata makumi ya gama yakirundikana kwa wakati mmoja hayaufikii.

Mitambo ya utafiti ya aina ya TRIGA, kama Trico I iliyowashwa Kinshasa mwaka 1959 ikiwa ya kwanza Afrika na Trico II iliyoifuata 1972, ni mazingira ya kigunduzi cha aina hii. Chemba moja inaweza kufuatilia nguvu ya mtambo kuanzia unapowashwa, ikihesabu mpigo mmoja mmoja, hadi unapofika kileleni, ikisoma mkondo mzima wa umeme.

Nje ya mtambo sioni sababu ya kuichagua. Urani iliyorutubishwa iliyomo ndani, hata ikiwa miligramu chache, inaingia kwenye hesabu za nyenzo za nyuklia za nchi, pamoja na vibali vyake. Ukipima nyutroni za kasi na ukataka kuzipuuza za joto, chemba yenye urani-238 ina faida, maana hupasuka tu kwa nyutroni zinazozidi takriban MeV 1.

Nyutroni za kasi hubadilisha hesabu yote

Namba zote za ufanisi hapo juu ni za nyutroni za joto. Nyutroni zinazotoka kwenye chanzo zina kasi: wastani wa MeV 4 kwa amerisiamu-berili, na MeV 2 kwa kaliforniamu-252. Kwa nishati hizo, bani 5,330 za heliamu-3 hushuka hadi karibu bani moja. Mrija ulio uchi ni kama hauzioni.

Kwa hiyo ukilinganisha vifaa, linganisha pamoja na plastiki inayouzunguka mrija. Polithini ya sentimita tano hivi mbele ya mrija hupunguza kasi vizuri kwa vyanzo hivi. Tufe la polithini la kipenyo cha sentimita 23 hadi 25 lenye mrija mdogo katikati ndilo msingi wa vipima dozi vingi vya nyutroni, na ndilo linalovifanya viwe na uzito wa kilo tisa au kumi. Mrija wenye ufanisi wa 15% ndani ya plastiki iliyopangwa vizuri unaushinda wenye 90% uliovikwa vibaya. Ninasisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi hutumia fedha zote kwenye mrija, kisha plastiki wanaikata kwa makadirio.

Majaribio ya lazima kabla ya kukiamini

Uwe umenunua au umeunda, anza na volti. Weka chanzo mahali pasipobadilika, pandisha volti kwa hatua ya 25 au 50, na kila hatua hesabu kwa muda uleule. Hesabu zitapanda kwa kasi, zitatulia kwenye sehemu tambarare, kisha zitapanda tena. Fanya kazi kwenye theluthi ya kwanza ya sehemu tambarare. Kwa heliamu-3 na BF3 iliyo safi, sehemu hiyo ni ndefu na karibu bapa. Kwa boroni ya kupakwa itakuwa na mteremko, na hiyo ni tabia yake. BF3 ya zamani ambayo tambarare yake imefupika na kuinama imechoka gesi.

Jaribio la pili ni la kadimiamu, nami nalipenda kwa sababu halihitaji chochote cha gharama. Funika mrija kwa kibati cha kadimiamu cha milimita moja, ambacho hunasa karibu nyutroni zote zilizo chini ya eV 0.5. Hesabu zikishuka sana, ulikuwa unahesabu nyutroni za joto kweli. Zikibaki zilezile, unachokihesabu ni gama, kelele za umeme au nyutroni za kasi, na huna budi kujua ni kipi. Vaa glavu, kadimiamu ni sumu, wala usiikate kwa msumeno.

La tatu ni gama. Chukua sesiamu-137 au kobalti-60, ongeza dozi kidogo kidogo pasipo chanzo cha nyutroni, kisha rudia chanzo cha nyutroni kikiwapo. Watu wengi huishia kwenye nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayoonyesha kama mipigo ya gama inajibandika juu ya mipigo ya nyutroni na kuongeza hesabu. Kwa milango ya ukaguzi kipimo kinachotumika Marekani ni kwamba, gama ikiwapo, hesabu ya nyutroni ibaki kati ya 0.9 na 1.1 ya ile isiyo na gama, na gama inayohesabiwa kama nyutroni isizidi moja katika milioni. Hata kwa maabara ndogo, hiyo ni shabaha nzuri.

Kisha kuna adui wa pwani. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar: unyevu wa hewa ukijikusanya kwenye kihami cha kiunganishi cha volti kubwa, umeme huvuja kidogo kidogo na kila mvujo hujifanya mpigo. Dalili yake ni hesabu za ghafla, kumi au ishirini kwa mkupuo, kisha kimya, na nyingi zaidi alfajiri au baada ya mvua kuliko mchana mkavu. Nyutroni hazina tabia hiyo. Safisha kihami kwa alkoholi safi, kikaushe, kifunge na mfuko wa silika, kisha acha kifaa kihesabu usiku mzima bila chanzo. Mirija ya BF3, inayodai volti 2,000 na zaidi, huumia mapema kuliko ya heliamu-3. Peke yake hii ni sababu ya kutosha kuchagua heliamu-3 kwa kifaa cha mkononi kitakachotumika ukanda wa pwani.

Kwa kazi ipi, kipi?

*Ukaguzi wa vyanzo.* Makandarasi wa barabara Afrika Mashariki hutumia mashine za nyuklia za kupimia ushindiliaji na unyevu wa udongo. Nyingi zina sesiamu-137 na amerisiamu-berili ya takriban GBq 1.48 (mioozo bilioni 1.48 kwa sekunde), inayotoa nyutroni elfu sabini hadi tisini kwa sekunde. Mkaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, au mwenzake wa Kenya na Uganda, anahitaji kifaa chepesi, salama kupanda nacho gari na ndege, na chenye majibu ya haraka. Ni heliamu-3, pasipo shaka.

*Unyevu wa udongo kwa miale ya anga.* Mbinu iliyotangazwa na Marek Zreda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona mwaka 2008 hutumia nyutroni zinazozaliwa angani na kupunguzwa kasi na hidrojeni ya udongo: udongo ukilowa hesabu hushuka, ukikauka hupanda, na kifaa kimoja husoma eneo la nusu kipenyo cha mita 130 hadi 240. Gama hapa ni chache. Adui ni uhaba wa hesabu. Ili usahihi ufike 1% unahitaji hesabu 10,000. Kwa 400 utabaki kwenye 5%. Na karibu na ikweta, ugasumaku wa dunia hufukuza miale mingi ya anga, kiasi kwamba usawa wa bahari kwetu hupata nyutroni karibu nusu ya zile za Ulaya kaskazini. Nyanda za juu hufidia: kwenye mwinuko wa Nairobi, mita 1,700 hivi, nyutroni ni mara tatu au zaidi ya zile za Mombasa. Kwa hiyo shamba la Kilosa au la bonde la Tana linataka kigunduzi kikubwa kuliko mwongozo wa Ulaya unavyopendekeza, na ukubwa wa bei nafuu ni boroni ya kupakwa, au BF3 kama tayari ipo nchini. Kwa kuwa kitakaa mahali pamoja miaka mingi, udhaifu wa usafiri wa BF3 hulipwa mara moja tu. Ila kwa boroni ya kupakwa kiwekee kivuli na urekodi joto, kwa sababu ya kile kizingiti kinachohama.

*Maabara ya kufundishia.* Ningechukua mrija mmoja mdogo wa heliamu-3 na mmoja wa BF3 uliorutubishwa, kibati cha kadimiamu, na polithini ya kutosha. Mwanafunzi akiona kilele cha 764 na kile cha 2.31 kwenye skrini moja ataelewa kwa alasiri moja yale ambayo vitabu huyaeleza kwa sura nzima. Mwaka unaofuata aunde wa boroni, alinganishe mteremko wake na vilele hivyo viwili.

*Karibu na mtambo au mashine kali ya tiba.* Ndani ya mtambo, chemba ya mpasuko. Nje ya ukuta wa chumba cha tiba ya mionzi chenye mashine ya MV 10 (volti milioni kumi) na zaidi, nyutroni zipo lakini mashine hutoa mipigo mifupi ya mikrosekunde chache, na mrija wowote unaohesabu mmoja mmoja utasongwa wakati wa mpigo na kusoma pungufu. Hapo uliza kwanza kifaa kimepimwa kwenye mionzi ya mipigo au la, kabla hujauliza ni gesi gani.

Kabla ya kulipa, mtake muuzaji akutumie spektra ya mrija wenyewe unaokuja kwako, yenye namba yake, si ya mfano kwenye katalogi. Akupe presha ya gesi, kiwango cha kurutubisha kama ni boroni, gesi iliyoongezwa, na volti ambayo spektra ilipimiwa. Mrija ukifika, rudia kipimo hicho kwa volti hiyohiyo. Kilele kikiwa kimepanuka au kimehamia kushoto, urudishe ukiwa bado ndani ya dhamana.